Kiti cha Nyuma

Kijiwe chetu hapa Kabati kina kiti kizuri kuliko kijiwe kingine chochote Kitui nzima, na sisemi hivyo kwa kujivuna, maana najua kilivyotufikia. Ni kiti cha ngozi nyeusi, cha watu watatu, na katikati kina kiegemeo cha mkono ambacho ukikishusha unapata matundu mawili ya kuwekea vikombe. Kilitoka ndani ya gari la Kijerumani la Kisilu, siku fundi alipokuwa anaitafuta pampu ya mafuta iliyofichwa chini yake. Alikitoa na nailoni yake, akakiweka hapa kando ya jiko la Istahil muuza kahawa, akasema atakirudisha jioni. Jioni hiyo sasa ina miezi mitatu. Mbele yetu ni lami ya kwenda Mwingi, nyuma yetu ni gereji, na ndani ya gereji ni gari lenyewe, limelalia tumbo kama kuku anayeatamia.

Fundi huyo ni Mutunga, lakini hapa anaitwa Kompyuta, kwa sababu alinunua kile kidude cha kusoma makosa ya gari. Kidude kinataja makosa hamsini, ila hakisemi uanze na lipi. Mwalimu mstaafu Nthiwa tunamwita Methali; ana methali ya kila jambo na hakuna hata moja inayofika nyumbani. Musembi ni mpokea wageni kanisani, mtu wa maombi, jina lake Upako. Mimi naitwa Chumvi. Nauza maji ya kisima, na kisima changu kina chumvi, basi imekuwa ndilo jina langu hata mbele ya wakwe.

Kisilu mwenyewe tulikuwa tunamwita Mjerumani. Siku hizi jina hilo linatushinda kulitamka.

Alhamisi moja alikuwa amekaa mwisho wa kiti, kimya, na mbuzi sita amewafunga kwenye nguzo ya kibanda. Alikuwa anamngoja Mursal, mnunuzi wa mifugo. Kompyuta alikuwa ameagiza spea kutoka Nairobi, kisanduku anachokiita ubongo wa gari, mtumba lakini safi, shilingi elfu hamsini na tano. Mbuzi sita ndio ubongo wenyewe.

KOMPYUTA: Mimi nawaambia, hii ndio ya mwisho. Tukiweka hiyo kisanduku, gari inaamka.

ISTAHIL: Ya mwisho ilikuwa kompresa ya hewa.

KOMPYUTA: Hiyo ilikuwa ya mwisho ya miguu. Hii ni ya mwisho ya kichwa.

ISTAHIL: Na ile pampu?

KOMPYUTA: Pampu ilikuwa ya mwisho ya tumbo. Mama, wewe mimina kahawa, hii ni mambo ya injini.

METHALI: Haraka haraka haina baraka.

MIMI: Mwalimu, gari haijasonga miezi minne. Haraka iko wapi?

METHALI: Ndiyo maana nasema.

KISILU: Mimi nataka tu iwake kabla ya Jumamosi. Jumamosi naenda Kyuso kumchukua mama mdogo. Nimemwahidi.

Kila mtu akatazama ndani ya kikombe chake. Huyo mama mdogo ni Katunge, mdogo wake Wayua, na Wayua ndiye mama yake Kisilu. Tulimzika Wayua miezi minne iliyopita na Katunge hakuwepo, wala kaburi hajaliona mpaka leo. Sababu ya kutokuwepo kwake imeegeshwa nyuma ya migongo yetu.

UPAKO: Lakini Kompyuta, mimi naona hii kitu si ya spea. Gari inalala chini yenyewe usiku, hakuna mtu ameigusa. Asubuhi unaikuta imepiga magoti. Gari gani inapiga magoti?

KOMPYUTA: Ni hewa inatoka, mzee! Haina springi. Imebebwa na mifuko ya hewa, mifuko ikizeeka inavuja. Nimekuelezea mara ngapi?

UPAKO: Wewe unaona mfuko, mimi naona roho. Hiyo gari ilikuwa ya mtu Nairobi, akauzia mwingine, huyo mwingine akauzia Kisilu bei ya kutupa. Jiulize alikuwa anatupa nini.

METHALI: Rahisi inavunja upishi.

MIMI: Ni rahisi ni ghali, Mwalimu. Leo ungepatia.

METHALI: Nimesema ilivyo. Angalia hiyo gari kama kuna kitu haijavunja.

KOMPYUTA: Sasa niwaambie ukweli yenyewe. Hizi gari zinahesabu wenyewe. Wa kwanza inamheshimu. Wa pili inamvumilia. Wa tatu, inafungua kitabu ya makosa. Iko ndani ya huo ubongo.

UPAKO: Inajuaje ni wa tatu?

KOMPYUTA: Uzito! Kiti ya dereva iko na kipimo. Inapima makalio. Ikikuta makalio mageni, inaandika.

METHALI: Hapo umesema kitu. Mimi nilisoma mahali, hizi gari zinaongea na setilaiti. Kule kwao kuna mtu amekaa mbele ya kioo, anaona kila gari iko wapi. Akiona yake imepita Mwingi inaingia vumbi, anauliza, nani huyu? Anabonyeza kitu. Imezima.

UPAKO: Kutoka Ujerumani?

METHALI: Mkono mtupu haulambwi, Musembi. Wako na mkono mrefu.

MIMI: Mwalimu!

UPAKO: Basi si ajabu ilizima ng'ambo tu ya Mwingi. Si iliwazimikia hapo? Chumvi, wewe ulikuwa ndani.

Nilikuwa ndani. Mimi na Kompyuta ndio tuliotumwa siku ya mazishi. Kisilu hangeweza kutoka, watu walikuwa wanafika, mwili ulikuwa njiani kutoka mochari. Alitupa ufunguo saa kumi na mbili asubuhi akasema, nendeni Kyuso mkamlete mama mdogo, mumweke nyuma, mwendo wa pole. Katunge alikuwa ameshaambiwa gari la Kisilu linakuja. Akavaa nguo yake ya kanisa, akaenda kusimama barabarani. Mwingi tuliipita vizuri tukijiona mabwana. Kisha mvuke ukatoka mbele, gari likanyamaza, na simu zetu hazikuwa na mtandao. Tulipopata mtu wa pikipiki wa kupeleka habari, Kabati walikuwa wanarudishia udongo. Katunge, tuliambiwa baadaye, alisimama pale barabarani mpaka saa tisa. Magari ya abiria yalikuwa yanapita mbele yake, makondakta wanamwita, na yeye anawaambia nendeni, nina gari langu linakuja.

Hapo hapo gari la abiria likapita, kijana mlangoni anapiga bati. “Mwingi, Kyuso! Kyuso bado mmoja!” Yanapita hivyo kila siku tangu asubuhi. Tumeyazoea mpaka hatuyasikii.

ISTAHIL: Kwetu ngamia akipiga magoti, anangoja mtu apande. Hii yenu ilipiga magoti karibu mwaka. Nani alipanda?

Lakini Methali alikuwa ameshashika pumzi, na mwalimu akishashika pumzi lazima iishie pahali.

METHALI: Wacha niwaambie. Kununua gari ambayo hujui ni kama kuoa bila kuuliza ukoo. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye...

Akasita. Hata yeye aliisikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaelekea kuipiga methali pale pale ilipotakiwa kupigwa, na alitamani kuirudisha mdomoni. Kisilu alikuwa anatazama mbuzi.

KISILU: Malizia tu, Mwalimu.

METHALI: Sikuwa na maana hiyo, ndugu yangu.

KISILU: Mimi najua. Lakini nyinyi mnaongea mambo ya setilaiti, na mnajua vile ilikuwa. Mama hakuniomba gari. Mimi nikiwa bandarini Mombasa miaka thelathini, nilikuwa naona hizo gari zikishuka kwa meli. Nikasema siku moja mama atakaa nyuma ya hiyo. Mguu wake ulikuwa mbaya, mnakumbuka. Aliniomba kitu moja tu. Nimpeleke Kyuso akamwone Katunge, wakae siku mbili, wapike isyo, mahindi na maharagwe, arudi.

UPAKO: Ulikuwa na nia nzuri.

KISILU: Wiki ile ile nimeileta, taa ya injini ikawaka. Nikamwambia, mama, ngoja taa izime. Sitaki upande gari iko na taa. Ikazima, ikawaka nyingine. Nikamwambia ngoja tena. Nikanunua redieta, nikanunua hiyo mifuko ya hewa, miwili ya mbele. Kila mwezi nilikuwa namwambia mwezi ujao. Na yeye alikuwa anasema sawa mwanangu.

Akakiweka kikombe chini.

KISILU: Kuna siku alikuja mwenyewe hapa gereji na fimbo yake. Akasema basi nikae tu ndani kama imesimama, nisikie vile iko. Nikaenda kumfungulia. Betri ilikuwa imekufa, na mlango bila betri haufunguki. Nikavuta, nikavuta. Mama amesimama kwa jua. Akacheka akasema, inaonekana haijanizoea. Akarudi nyumbani. Hiyo ilikuwa mwisho.

Nimekaa na Kisilu kijiweni tangu astaafu na sijawahi kumsikia akizungumza kwa urefu huo. Nilitamani mtu aseme jambo, lolote, hata methali. Mwishowe nikasema mimi.

MIMI: Kisilu. Maji niliweka mimi.

KISILU: Maji gani?

MIMI: Ya redieta. Ile dawa yake ya rangi ulisema ni bei, nikakuambia wacha, maji ni maji, nikawa najaza mtungi wangu kila wiki. Bure, najiona mtu mwema. Maji ya kisima yangu, Kisilu. Yanaacha mawe kwa sufuria ya watu. Siku ile ilichemka, Kompyuta alifungua mfuniko, tukaona weupe umeziba kila mahali kama chokaa. Nikamwambia asikuambie.

KOMPYUTA: Alaa! Tulisema hiyo tutakufa nayo!

MIMI: Sasa nimechoka kukaa juu ya kiti yake.

KOMPYUTA: Haya. Basi na mimi niseme. Siku ya mazishi ulisema hutaki mama mdogo aone taa. Nikabandika tepu nyeusi kwa dashibodi. Yote. Hata ile ya moto wa injini. Ilikuwa inatuambia tangu Migwani tunachoma injini, na mimi nimeifunika macho.

Upako akakohoa. Akakohoa tena.

UPAKO: Mimi niliweka mafuta ya upako.

KOMPYUTA: Kwa boneti. Tulikuona.

UPAKO: Kwa boneti pia.

KOMPYUTA: Musembi! Ndani ya injini?

UPAKO: Kijiko moja! Kwa imani!

Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa itoke puani. Istahil peke yake ndiye aliyetabasamu, na hata yeye aligeukia jiko. Kisilu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayehesabu ndugu zake baada ya ajali.

KISILU: Si nyinyi. Mimi ndio nilikuwa nasema ngoja. Lakini Jumamosi lazima niende. Kompyuta, hiyo kisanduku ikikuja leo jioni, unaweza kufunga kesho?

KOMPYUTA: Kisilu, baada ya hayo yote nimesema?

KISILU: Nimemwahidi gari. Siwezi kumpigia mara ya pili nimwambie haiko.

Ndipo gari la abiria kutoka upande wa Mwingi likasimama ng'ambo ya lami. Akashuka bibi mmoja mfupi, kitambaa cheupe kichwani, kikapu mkononi. Kondakta akamshika mkono, akamvusha barabara kwa heshima, akatuonyesha kwa kidole, akakimbilia mlango wake. Yule bibi akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Sikuwahi kumwona, lakini ule mdomo niliujua. Ulikuwa mdomo wa Wayua.

Kisilu alisimama mpaka kahawa ya watu ikamwagika.

KISILU: Mama mdogo!

KATUNGE: Ndio mimi. Kaa chini, unamwaga vitu ya watu.

UPAKO: Karibu mwaitu, karibu mama yetu. Kaa hapa.

KATUNGE: Asante. Nimeketi kwa ile ya abiria tangu Kyuso na nimefika salama.

KISILU: Mama mdogo, si nilisema Jumamosi? Nilikuwa nakuja na gari!

KATUNGE: Nilisikia. Nikasema huyu mtoto ana kazi nyingi. Nikauliza majirani, Kabati ni mbali? Wakaniambia panda hiyo inasimama kwa soko. Mia sita. Nimepanda saa moja, saa hii niko hapa. Kumbe ni hapo tu?

Hakuwa anamlaumu mtu. Alikuwa anashangaa kweli kweli, kama mtu aliyeambiwa mto una mamba miaka yote, akavuka akakuta maji ya magotini. Mimi niliangalia ile lami nikafikiria Wayua na fimbo yake. Kutoka nyumbani kwake mpaka kituo hiki ni mwendo wa dakika ishirini.

Katunge akaketi ukingoni mwa kiti. Istahil akampa kahawa, kikombe cha mwisho, akaliweka birika kando ya jiko mdomo chini. Katunge akaonja, akasifu tangawizi. Kisha akaanza kupapasa ngozi ya kiti kwa kiganja.

KATUNGE: Hii imetoka kwa gari?

KOMPYUTA: Ndio, mwaitu. Ni ya nyuma.

KATUNGE: Basi ndio hii. Wayua aliniambia ni laini, sikuamini. Kila Jumapili jioni alikuwa ananipigia. Ananiambia, Katunge, leo tena nimeenda kanisa na gari ya Kisilu. Amenifungulia mlango kama mke wa chifu. Ananiambia kiti inashika mgongo, mguu hata hausikii. Ananiambia ikipata nafasi tutakuja nayo, usipande hizo za watu, utapanda hii. Nikawa nangojea.

Akacheka kwa furaha, meno mawili.

Upako ndiye anayesimama mlangoni mwa kanisa letu. Kila Jumapili ya mwaka ule alimpokea Wayua akiwa na vumbi mpaka magotini, akamshika mkono kumpandisha zile ngazi tatu. Sasa alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe na machozi yanamdondoka bila sauti. Kompyuta alikuwa amegeuza uso. Sikuthubutu kumtazama Kisilu. Niliwaza tu huyo mama, jioni, mguu kwenye beseni la maji ya moto, simu sikioni, anamtengenezea mwanawe heshima kwa dadake, wiki baada ya wiki, wala hakumdai hata safari moja ya kuithibitisha.

KATUNGE: Alikuwa anakaa upande gani?

Kompyuta akaanza kufuta mikono isiyo na grisi.

KATUNGE: Nauliza Wayua. Nataka nikae pale alikuwa anakaa.

Kiti kina mabonde matatu. Najua ya nani ni ya nani. La mwanzo ni la Methali, la kati ni langu, la mwisho ni la yeyote aliyewahi kufika. Kilipotoka garini hakikuwa na bonde hata moja, kilikuwa kimenyooka ndani ya nailoni kama kilivyotoka kuoshwa. Methali alifungua mdomo. Niliomba kimoyomoyo asiwe na methali, na kweli hakuwa nayo. Akaufunga.

Kisilu alienda kwenye nguzo. Alimfungua mbuzi mmoja, yule mweupe mwenye sikio jeusi, akazungusha kamba mkononi.

KISILU: Istahil, Mursal akikuja mwambie siuzi. Kompyuta, pigia hao watu wa Nairobi, waambie wakae na kisanduku yao.

KOMPYUTA: Sawa, mzee.

KISILU: Mama mdogo, twende nyumbani. Nikuonyeshe pale amelala. Ni karibu, tutaenda kwa miguu pole pole. Huyu tutamchinja jioni.

Akamshika mkono, mkono wa pili umeshika kamba. Katunge alinyanyuka taratibu, akachukua kikapu chake, akapiga hatua mbili. Kisha akasimama, akatugeukia sisi wanaume wanne tuliobaki tumesimama kando ya kiti ambacho hakuna aliyetaka kukikalia tena.

KATUNGE: Lakini hamjaniambia. Ilikuwa upande gani?